Leo Mwezi Ngapi? Kwa Wanaoanza Safari za Baiskeli

Jumamosi iliyopita, hapa Malindi, niliwakuta vijana sita wakifunga mizigo kwenye baiskeli zao, tayari kwenda kupiga hema ufukoni Mambrui. Ilikuwa saa nne kasorobo, jua limekwisha kukaza, na mmoja wao alikuwa amerundika maji, hema, sufuria na mchele juu ya keria ya nyuma hata gurudumu la mbele likawa linainuka kama punda mkaidi. Niliwauliza leo mwezi ngapi. Aliyeonekana kuwa kiongozi wao alinijibu kwa adabu, "Mwezi wa nane, mzee." Mimi niliuliza mwezi wa angani, leo una siku ngapi tangu kuandama. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzake wanaomfuata bila kumuuliza neno.

La kwanza ni kuondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Mahamri na mbaazi mtavikuta njiani.

La pili ni upepo. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, anayekwenda kaskazini husukumwa mgongoni akajiona bingwa, kisha siku ya kurudi hulipa deni lote kwa kichwa kilichoinama, kwa hiyo gawanyeni kilomita za kurudi kwa huruma.

La tatu ni pancha: kabla ya kubandika kiraka, pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba. Sisi tulibandika viraka vitatu karibu na Gede, mwiba uleule ukitutazama, na saa mbili tulizopoteza pale ndizo zilizonileta kwenye jambo la nne, ambalo nimelificha kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

La nne, basi. Miaka 12 iliyopita tulikuwa watu watano, tumetoka Kilifi asubuhi ya Agosti tukiwa tumechelewa, tumepita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tumevuka daraja la Sabaki giza likiingia, na kufika Mambrui baada ya Isha tukiwa na zaidi ya kilomita 70 miguuni. Wenzangu wote walikuwa wa bara. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, mzaliwa wa Malindi na mjukuu wa mvuvi, kwa hiyo neno langu kuhusu bahari lilikuwa sheria. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Nikachagua mahali tambarare ambapo vigingi vilishika vizuri ajabu, na sikujiuliza ni nini kilichoushindilia mchanga ule ukawa mgumu namna ile.

Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na nyavu zake alisimama. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika marahaba, akautazama mwezi uliokuwa duara kamili, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mwani mnauona uko wapi?" Mwani ulikuwa nyuma yetu, mstari mrefu uliokauka pale maji yalipokomea yalipojaa, hatua kama 20 juu ya mahema. Nilielewa alichokuwa akiniambia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilielewa, lakini niliona haya kung'oa mahema mbele ya wageni wangu. Nikamjibu kwamba tumechoka na tutaamka mapema.

Tuliamka mapema kweli. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Saa tisa na nusu godoro langu lilianza kutikisika, na nilipofungua hema sufuria yetu ilikuwa ikielea kwa utulivu kuelekea Bara Hindi. Mahema tuliyaburuta, unga ukawa uji, na baiskeli tulizozilaza chini zilikuwa zimezikwa hadi kwenye pedeli, kila wimbi likiongeza mchanga. Rafiki yetu wa Nakuru, aliyekuwa akiiona bahari kwa mara ya kwanza, alisimama akiukumbatia mfuko wa sukari, akaniuliza kwa sauti ya upole kama hali hiyo ni ya kawaida. Baada ya sala yule mzee alirudi na birika la kahawa. Hakucheka wala hakunikumbusha neno lake, akatumiminia mmoja mmoja, na mimi akanimiminia wa mwisho.

Kwa hiyo hesabuni mwezi kabla ya kuhesabu kilomita: karibu na mwezi 1 na mwezi 15, laleni nchi kavu kupita mstari wa mwani, tena mbali sana; maji mafu ya mwezi 7 au 22, yanayopanda na kushuka kidogo, yana huruma zaidi. Msilale chini ya mnazi pia, sababu yake iko juu.

La tano ni kwa aliyekwisha kuchelewa. Baiskeli iliyoingia maji ya chumvi ioshwe kwa maji ya kisima siku ileile, mnyororo utiwe mafuta, na golori zifunguliwe zipakwe grisi mpya. Mimi niliahirisha kwa wiki nzima, na fundi aliponifungulia ekseli akakuta golori zimeshikana kwa kutu, aliniuliza kama baiskeli ile niliinunua au niliivua.