Jibu: Pembe zilizonaswa Kilindini ni za ndovu wa Tsavo?

Ndugu, umeuliza kama DNA (vinasaba) yaweza kuonyesha pembe zilizonaswa bandarini Kilindini, Mombasa, zilitoka mbuga ya Tsavo au kwingine. Yaweza, ila kazi huharibika mapema, kwenye kukata sampuli.

Tandaza pembe zote, uzipange jozi kwa unene wa shina, rangi na alama ya ufizi, yaani pale ufizi ulipoishia kwenye pembe. Ukipima zote mbili za ndovu mmoja, umelipia jibu moja mara mbili. Kata kipande kidogo karibu na alama hiyo kwa msumeno wa mkono. Drili ya kasi huchemka, na joto hukatakata DNA. Baada ya kila pembe, osha msumeno kwa jiki, kisha uusuuze vizuri, maana jiki iliyobaki nayo huila DNA.

Maabara hukisaga kipande hicho kikiwa kimegandishwa, husoma vialama 16 (sehemu maalumu za DNA), na kulinganisha na ramani ya DNA iliyotokana hasa na kinyesi cha ndovu wa sehemu nyingi za Afrika. Jibu ni eneo, si geti la mbuga. Utafiti wa mwanabiolojia Samuel Wasser wa 2015 ulielekeza pembe nyingi za ndovu wa savana, kwenye shehena kubwa, kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa hiyo usiwalaumu Tsavo haraka. Mombasa ni mlango tu.