Si kila mwenye pembe ni chonga

Dada, umeuliza kama mbawakawa weusi uliowakuta shambani kwako Malindi, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ndio chonga, wale wanaomaliza minazi. Usiangalie pembe; mbawakawa wa mavi nao wengine wanazo. Tazama kichwa: wa mavi ana kichwa bapa kama sepetu, hufukia kinyesi cha ng'ombe au ndovu na kutaga humo. Mwache, anakulimia bure. Chonga ndiye adui: hutoboa kilele cha mnazi, na kuti likichanua utaliona limekatwa kama kwa mkasi. Mvue shimoni kwa waya uliokunjwa ncha. Ila funza wake hukulia kwenye magogo na visiki vilivyooza, kwa hiyo anza kwa kuchoma magogo na visiki hivyo. Rundo la samadi nalo lipekue, utafute funza.