Niliiruka dozi ya pili ya surua, wewe usiiruke

Jamani hii naiandika huku bado najisikia vibaya kidogo, ila acha niseme tu. Mwanangu alipochanjwa surua mara ya kwanza, siku kama nane baadaye akachemka homa usiku kucha, na mimi nikajiambia basi huyu keshapata chanjo yake, hiyo ya pili ya nini tena. Tarehe ikafika, ikapita, kadi ikabaki kwenye droo.

Kumbe ile homa ni mwili unajifunza kupigana, kwa kawaida inapita yenyewe. Na dozi moja haishiki kwa kila mtoto, hata akichanjwa ana mwaka mmoja kuna kama 7 kati ya 100 ambao kinga haikai kabisa, na huwezi kuwajua kwa macho. Mimi nilidhani dozi ya pili ni ya kuongezea nguvu tu, kumbe kazi yake kubwa ni kuwadaka hao walioponyoka.

Wangu alikuwa mmoja wao. Ilianza kama mafua tu, kikohozi kikavu, macho mekundu yanatoa machozi hataki hata mwanga wa dirishani, nikampa maji na kumfunika. Siku ya nne namwogesha nikaona vipele nyuma ya masikio, jioni uso mzima, kesho yake kifuani. Nikambeba mbio kliniki, tukakaa kwenye benchi pamoja na kina mama wenye vichanga.

Hapo kwenye benchi ndo panaponiuma mpaka leo. Mgonjwa wa surua anaanza kuambukiza siku nne kabla upele haujatoka, na kirusi kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya yeye kuondoka, yaani hata hahitaji kukukoholea usoni. Na wale vichanga walikuwa hawajafikisha umri wa kuchanjwa, kinga yao ni sisi wengine tuwe tumechanja wetu. Sijui kama kuna aliyeambukizwa, na sitajua.

Nesi akafungua kadi, kidole kikasimama kwenye kile kiboksi kitupu. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Mtoto akapewa vitamini A siku mbili mfululizo (inasaidia kulinda macho), akapona, ila kukohoa alikohoa wiki kadhaa.

Kwa hiyo ukishuku surua usifanye kama mimi, piga simu kwanza au mwache mtoto nje na mtu, wewe ingia useme pale mlangoni, watakutengea sehemu. Kadi ipige picha, maana kadi zinapotea jamani. Na kama tarehe imepita usione aibu, nenda tu, hawaanzi upya, wanaendelea pale ulipoachia.

Mdogo wake alipofika zamu ya dozi ya pili nilitegesha alamu mbili. Tulifika kabla mlango haujafunguliwa.