Kelele katika data za mitetemo: kagua kwanza ulichokitoa

Anayeanza kazi ya kuchakata data za mitetemo, yaani rekodi za mitetemo inayotumwa ardhini na kurudi kama mwangwi kutoka kwenye miamba, huvutiwa upesi na vichujio, yaani hatua za kompyuta za kuondoa kelele, kwa sababu kila kimoja huifanya picha ya miamba ionekane safi kuliko ilivyokuwa dakika chache kabla. Vijana ninaofanya nao kazi huwa nawaambia wasiitazame picha hiyo safi peke yake, bali watoe data iliyochujwa kutoka kwenye data ghafi na kuichunguza tofauti inayobaki. Ikiwa ndani ya tofauti hiyo kuna mistari inayopinda taratibu kadiri jiofoni (vipokezi vya mtetemo) zinavyokuwa mbali na chanzo cha mtetemo, basi kichujio kimekula mwangwi wa miamba pamoja na kelele, na uzuri wa picha usimdanganye mtu.

Nchi kavu, kelele inayotusumbua zaidi ni wimbi la juu ya ardhi, ambalo husambaa karibu na uso wa ardhi badala ya kushuka kwenye miamba. Lina nguvu nyingi, masafa ya chini ambayo aghalabu hayazidi Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), na kasi ndogo ya mita mia chache kwa sekunde, ilhali mwangwi utokao chini huivuka safu ya jiofoni kwa kasi kubwa zaidi. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayotegemewa na kichujio cha f-k, kinachoyapanga mawimbi kwa masafa na urefu wake, lakini hakiwezi kutenganisha kitu ambacho hakikupimwa ipasavyo. Chukua wimbi lenye kasi ya mita 300 kwa sekunde na masafa ya Hz 15: urefu wake ni mita 20, kwa hiyo nafasi kati ya jiofoni haipaswi kuzidi mita 10. Ukizipanga kila baada ya mita 25, sehemu yote ya wimbi hilo iliyo juu ya Hz 6 itajikunja, itaonekana kana kwamba inatoka upande mwingine, na itaangukia palepale ulipo mwangwi unaoutafuta. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mchakataji aitwe kwenye kikao cha kupanga kazi ya uwandani, ambako wenye bajeti hupenda nafasi pana, na kwamba ufanyike jaribio fupi la kupima kelele, jiofoni zikiwa zimesogezwa karibu karibu, kabla vifaa vyote havijatandazwa.

Kelele ya upepo, ya pikipiki na ya mifugo ni ya namna nyingine, kwa kuwa haina mpangilio. Katika nyanda za wazi za Bonde la Ufa, jiofoni iliyofukiwa vizuri ardhini ina faida kuliko programu yoyote ya ofisini, na mazungumzo ya mapema na wafugaji kupitia serikali ya kijiji husaidia kuliko kuwafukuza ng'ombe wakati mashine zinarekodi. Kinachobaki hupunguzwa kwa kujumlisha rekodi za sehemu moja: rekodi 16 huongeza ubora wa mwangwi dhidi ya kelele mara 4, na rekodi 64 mara 8. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya kelele isiyo na mpangilio tu, na wimbi la juu ya ardhi haliitii.

Karibu na nyaya za umeme utakutana na Hz 50. Wengi huikata kwa kichujio chembamba na kuendelea, nami sipendi njia hiyo, kwa sababu masafa hayo yamo katikati ya yale yanayobeba mwangwi wenyewe. Ni afadhali kulikadiria wimbi la umeme kutoka sehemu ya rekodi iliyotangulia kuwasili kwa mtetemo, kisha kulitoa hilo peke yake.

Baharini mambo hubadilika. Katika kina kirefu cha bahari ya Tanzania, ambako gesi ilianza kugunduliwa mwaka 2010 kwa kisima cha Pweza-1, tatizo kubwa ni mwangwi unaorudiarudia kati ya sakafu ya bahari na uso wa maji. Mahali penye kina cha mita 1,500, sakafu huonekana kwenye sekunde 2 na marudio yake kwenye sekunde 4, ambako huenda yakafunika tabaka unalolitafuta. Njia ya kihesabu iitwayo Radon huyatenganisha na mwangwi halisi kwa mpindo wa mistari, lakini kwa vipokezi vilivyo karibu na chanzo mipindo ya vyote viwili inakaribiana mno, na ukikaza kipimo cha kuyaondoa marudio utapunguza nguvu ya mwangwi halisi upande huo. Kwa mtafutaji wa gesi hasara hiyo ni kubwa, maana namna nguvu ya mwangwi inavyobadilika kwa umbali ni mojawapo ya dalili anazozitumia kuamua mahali pa kuchimba.

Kwa sababu hiyo, ninapomkabidhi mfasiri, yaani mtaalamu anayezisoma data ili kutambua miamba, data zilizosafishwa, humpa pia faili la kelele iliyotolewa katika kila hatua pamoja na vipimo vilivyotumika. Akiona nguvu ya mwangwi imepungua ghafla juu ya tabaka analolitarajia, hufungua faili hilo kwanza kabla ya kuulaumu mwamba.