Kona ya Ngumi: Mtazame anayepigwa

SWALI: Shikamoo mkuu. Hapa kijiweni kwetu tunabishana kila wiki, ukiuliza pambano ambalo bondia alitoa darasa kamili utaambiwa Ali na Foreman kule Kinshasa, utaambiwa Mayweather, imeisha hiyo. Mimi nasema yapo mengi yamesahaulika tu. Nipe moja nikalitaje watu wakose la kusema.
Bodaboda wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Kawatajie Wamarekani wawili, Bernard Hopkins na Kelly Pavlik, Atlantic City, Oktoba 18, 2008, halafu kaa kimya uone nani analijua.

Pavlik wakati huo ana miaka 26, kapigana mara 34 hajapoteza hata moja, na mwaka mmoja nyuma kamlaza Jermain Taylor raundi ya 7 akachukua mikanda ya uzito wa kati, tena raundi ya 2 yeye mwenyewe alidondoshwa akaamka anayumba kama mlevi, ndio kisha akamlaza mwenzie. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaogopwa dunia nzima. Hopkins ana miaka 43, Aprili ya mwaka huohuo katoka kupoteza kwa Joe Calzaghe, karibu kila mtu anasema mzee huyu wanaenda kumuumiza bure, angekaa nyumbani alee wajukuu. Wakakubaliana uzito wa pauni 170, mikanda ya Pavlik haikuwekwa mezani.

Mimi nililiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, DVD ya kuchoma inakwamakwama, matokeo mle ndani hakuna aliyeyajua. Pembeni yangu kakaa fundi seremala mmoja kawekeana soda na mwenzie, yeye kashika upande wa Pavlik, kila dakika anapiga kelele mtupie kulia, mtupie kulia! Raundi ya 3 bado anapiga kelele. Raundi ya 5 kanyamaza. Ya 7 hivi akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwani huyu mkono wake wa kulia umeumia?"

Haujaumia bwana! Mkono upo, ila umekosa nafasi ya kutoka. Pavlik ili ile kulia itoke na uzito wake lazima kwanza asimame, miguu itulie chini, apime umbali ndio aachie, na Hopkins usiku ule alimnyima hicho kituo, yaani akianza tu kupanga miguu mzee kashasogea nusu hatua kwenda upande ule ambao kulia haifiki vizuri, Pavlik anageuka anaanza kupanga upya, kabla hajamaliza kala moja ya mbavuni, anataka kujibu keshakumbatiwa, refa anawaachanisha, tunaanza upya. Ukiirudia video usimtazame Hopkins kabisa, mtazame Pavlik miguuni. Utaona anapanga, anavunja, anapanga, anavunja, mpaka mwisho anatupa ngumi ilimradi katupa.

Nisikudanganye kwamba ulikuwa usafi mtupu. Hopkins ana ujanja wa mtaani, anakumbatia, anaegemea, na raundi ya 8 alikatwa pointi kwa kushika. Pavlik naye kwa hasira akakatwa ya kwake raundi ya 9 kwa kupiga kisogoni. Lakini majaji wote watatu walimpa Hopkins, 119-106, 118-108 na 117-109, ukizisoma hizo namba unajua kijana hakuwa mchezoni. Kengele ilipolia mzee akamfuata akaongea naye, akamwambia asikubali pambano hili limmalize, kisha akaenda kusimama kwenye kamba akawakazia macho waandishi wa habari waliomzika mapema. Ile picha naipenda kuliko KO nyingi tu.

Kwa nini halitajwi? Hakuna aliyelala chini. Siku hizi watu wanaangalia klipu ya sekunde 20 kwenye simu, sasa klipu ya mtu anayesogea nusu hatua utaituma kwa nani?

SWALI: Za kazi kaka. Huku Tanga tunasema darasa kubwa alilitoa mtoto wetu Mwakinyo kule Uingereza. Tunakosea?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama tu, nyie watu wa Tanga nyie. Septemba 8, 2018, Birmingham, Hassan Mwakinyo kaitwa kwa notisi fupi, anapambana na Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, na wenyeji wamekuja kumwona Mwingereza wao akijipatia ushindi wa chee, jamaa anawamalizia raundi ya 2 kwa TKO, yaani refa kasimamisha pambano. Nililia, sitaki kuficha. Ila mimi naliita bomu, siliiti darasa, raundi 2 ni chache mno kumwona mtu anavyoondolewa kitu kimoja kimoja mpaka abaki mtupu. Msinichukie.

SWALI: Waafrika je? Mbona mnatupa Wamarekani tu kila toleo.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haya, umenishika pabaya. Kwanza Azumah Nelson wa Ghana. Juni 28, 1991 Las Vegas alipata sare na Jeff Fenech wa Australia na ukweli usemwe, wengi tuliona Fenech kashinda, hata WBC wenyewe, lile baraza la ngumi la dunia, mwaka 2022 waliyabadilisha yale matokeo wakampa Fenech. Azumah alisema alipanda ulingoni na malaria, watu wakacheka, na mtu anayecheka malaria hajawahi kuumwa. Basi Machi 1, 1992 wakarudiana Melbourne, nje uwanjani Princes Park, nchi ya Fenech, mashabiki wa Fenech, Azumah ana miaka 33 na Fenech hajawahi kupoteza. Raundi ya kwanza tu Fenech kakaa chini! Pambano la kwanza Fenech alikuwa anamwingia kifuani anamsukuma mpaka kwenye kamba anapiga mfululizo, safari hii Azumah alimwacha aje vilevile, kila akija anakutana na ngumi iliyokwisha kumsubiri. Raundi ya 8 refa akasimamisha. Mambo yote ya sare yanakumbukwa mpaka leo, hili la marudiano lenye darasa ndani yake ndilo limeachwa.

La pili ni la kwenu kabisa, na naona aibu kwamba vijana wa Kenya hawalijui. Philip Waruinge, Olimpiki ya Mexico City 1968, uzito wa unyoya. Nusu fainali kakutanishwa na Antonio Roldán, Mmexico, hapohapo Mexico, mbele ya watu wake, majaji wakagawanyika 3-2 na Waruinge akaondoka na shaba. Fainali yenyewe Roldán akaipata dhahabu baada ya Mmarekani Al Robinson kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa. Halafu ikaja ile tuzo ya Val Barker, ya bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye mashindano, uzito wote, dhahabu zote, hata George Foreman alikuwepo na dhahabu yake ya uzito wa juu. Wakampa Waruinge. Mtu wa shaba! Miaka 4 baadaye Munich akafika fainali akachukua fedha, kisha akaenda Japani kupigana kulipwa, akawa anaitwa Waruinge Nakayama.

Kuna dada kaniuliza pia habari za bondia wetu Titus Simba na ile fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, aliyopoteza kwa John Conteh, Mwingereza aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Nafasi imeniishia, naliweka toleo lijalo, na mwenye mzazi au babu aliyekuwa anafuatilia ngumi miaka hiyo anitumie anachokikumbuka kabla sijaandika.