Kubadili kazi huku mnatafuta mtoto

Dada yangu, umeeleza kwamba una miaka 36, ni mhasibu wa kampuni ya utalii hapa Arusha, mnatafuta mtoto tangu mwaka jana, na sasa umepata kazi uliyoitamani huko Moshi. Naona usiikatae kwa ajili ya mimba ambayo bado haijatunga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na ingawa inataka uwe umetimiza miezi 6 kazini, hata ukishika mimba mwezi wa kwanza utajifungua ukiwa umeshaivuka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki nayo inahitaji miezi hiyo 6, kwa hiyo soma kwa makini kipengele cha muda wa majaribio kabla ya kutia saini.

La haraka kuliko yote ni daktari wa wanawake: kwa umri wako, kujaribu miezi 6 bila mafanikio kunatosha kumwona, na tafadhali nenda na shemeji, maana naye anapaswa kupimwa. Mkapime sasa, kabla bima ya mwajiri wako haijakoma.