Gereji ya Wasomaji: 504 inazima mlimani, waya za plagi na feni ya foleni

Wiki hii barua zote tatu ni za Peugeot 504, sijapanga, zimekuja zenyewe. Wenye Datsun na Land Rover msinune, zamu yenu ipo.

Shikamoo fundi. Nina 504 ya 1979 ya kabureta, ile injini ya 2000, nimeachiwa na marehemu baba. Tanga mpaka Mombo haina neno kabisa, ila nikianza kupanda Lushoto nikifika katikati inaanza kumisi, inakosa nguvu, inazima. Nikikaa kama nusu saa inawaka vizuri tu. Nimeshabadilisha plagi, nimebadilisha pampu ya petroli, na kabureta nimeletewa nyingine, bado. Sasa fundi wangu ananiambia nivishe injini ya Toyota. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

Marahaba mwanangu, na pole kwa hela ulizomwaga. Nikisoma barua yako naona kitu kimoja, spea zimenunuliwa lakini hakuna aliyeiangalia hiyo gari ikiwa imezima. Unairudisha Tanga ikiwa imeshapoa, fundi anapiga stata inawaka, sasa hapo yeye atajuaje? Anabahatisha, na wewe ndo unalipia kubahatisha kwake. Ugonjwa wa joto unapimwa gari ikiwa na joto, pale pale ilipozimia.

Kwa hiyo safari ijayo panda na mtu wa kukupigia stata, beba spana za kawaida, koleo yenye mpira mikononi, kitambaa na lita mbili tatu za maji. Na kabla hujatoka nyumbani, asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha eakilina, chungulia kwenye koo la kabureta halafu vuta mkono wa resi kwa kidole, utaona petroli inaruka kama kauzi kembamba. Ikariri inavyoruka maana ndo utailinganisha na ya mlimani.

Ikizima pale kati weka jiwe nyuma ya tairi, fungua boneti hapohapo, peasi za watu wa barabarani utanunua baadaye. Fungua eakilina, vuta resi. Petroli ikiruka kama ya asubuhi basi mafuta yapo, achana na habari za pampu. Isiporuka, nenda nyuma ufungue mfuniko wa tenki polepole huku umetega sikio, ukisikia inavuta hewa fyuuu ujue tundu la kupumulia limeziba, tenki linavuta ombwe na pampu imeshindwa, na hiyo tiba yake ni waya mwembamba wa kuzibua, bure kabisa. Isipovuta, loweka kitambaa uzungushie pampu na bomba la petroli, mwagia maji kidogo kidogo, subiri dakika chache upige stata. Ikiwaka basi petroli ilikuwa inageuka mvuke kwenye bomba. Pale unapanda kilomita 30 na kitu, gia ndogo, mwendo mdogo, upepo hamna, joto la injini lote linabaki chini ya boneti na pampu yenyewe imefungwa kwenye bloku. Angalia bomba limepita wapi, kuna mafundi wakibadilisha mpira wanaulaza popote hata karibu na ekzosi, usogeze mbali na uufunge vizuri usirudi.

Sasa kama petroli ipo, rudisha eakilina kwanza ufunge, usije ukachezea cheche juu ya kabureta iliyo wazi, na ukiona petroli inavuja mahali usijaribu kabisa. Chomoa ule waya mnene wa katikati ya distributa (kigawa umeme wa plagi), ushike na koleo, ncha iwe kama milimita 6 kutoka kwenye bloku, mwenzio apige stata. Cheche ya bluu inayolia ta ta ta ni nzima. Ikija ya njano, nyembamba, mara ipo mara haipo, hapo mwizi umeshamshika, ni koili (inayokuza umeme wa cheche) au kondensa (kakopo kadogo kanakolinda pointi), na angalia kwenye orodha yako ya manunuzi, upande wa moto, yaani umeme wa cheche, umegusa plagi tu, hivyo viwili hakuna aliyevifikia. Ndo maana mimi nikilazimishwa kubeti nabeti huko. Petroli ikikatika gari inafifia taratibu na ukiachia resi inapata nafuu kidogo, moto ukikatika inadunda, inarudi, inaondoka, halafu kimya, na hilo neno lako la kumisi linanipeleka huko huko.

Koili ipime ukinzani kwa mita, yaani omu, kati ya chanya na hasi waya zikiwa zimetolewa, ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto. Inayopewa volti 12 moja kwa moja huwa karibu na omu 3. Ukikuta 1.5 na huoni rezista yoyote kwenye njia yake ya umeme, basi mtu alikufungia koili isiyo yake, inapewa umeme zaidi ya kipimo, inachemka mpaka huwezi kuishika, halafu ikipoa inajifanya haijui kitu, yaani nusu saa yako ile ile. Kondensa utaisoma kwenye pointi, vile vidude vya kukata umeme ndani ya distributa, zikiwa zimeungua rangi ya bluu na nyeusi wakati ni za juzi tu, kondensa imekufa au inakufa. Kuna kondensa mpya madukani siku hizi ni mbovu kuliko za zamani zilizotumika, kwa hiyo neno mpya lisikutoe kwenye mstari. Pointi ukishasafisha rudisha uwazi wa milimita 0.4 kwa fila geji (kile kibamba cha kupimia uwazi), siyo kwa kipande cha kiberiti.

Injini ya Toyota mimi siipendi hapo na sababu siyo mapenzi. Kama tatizo ni tundu la tenki, utavisha Toyota, utapanda Lushoto, na utazima palepale na Toyota yako. Hiyo injini ya bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini ni ngumu, 504 imechukua Safari Rally 1975 na Ove Andersson, ile ya 1978 ya Jean-Pierre Nicolas ilikuwa kupe ya V6 hiyo sihesabu, lakini ya 1975 ni ukoo mmoja na ya baba yako. Itafutie koili.

Fundi habari za kazi. Niko Mombasa, nimenunua seti mpya ya waya za plagi za 504, nikatoa zile kuukuu zote kwa pamoja nikafunga mpya kwa kufuata kitabu, 1-3-4-2. Sasa haitaki kuwaka kabisa, inapiga bastola kwenye kabureta. Zamani ilikuwa inawaka vyema. Nimeharibu nini?

Nzuri ndugu yangu. Hujaharibu kitu, ila mwenye Toyota akifungua boneti ya Peugeot huwa anaangukia hapo hapo. Silinda namba 1 kwenye hii injini haiko mbele upande wa rejeta, iko nyuma kwenye flaiwili, karibu na giaboksi. Wewe umehesabu kuanzia mbele.

Na kinachochekesha ni kwamba mpangilio wa 1-3-4-2 uuhesabu kutoka mbele au kutoka nyuma unatoka ule ule, kwa hiyo waya zako ziko sawa kwa mfuatano, ila zote zimezunguka nusu duara. Plagi inapiga cheche wakati pistoni iko juu lakini inamaliza kutoa moshi, valvu ya kuingiza imeanza kufunguka, moto unarudi kwenye kabureta, ndo bastola yako hiyo. Usizungushe distributa, usiiguse kabisa. Kila waya uupeleke kwenye tundu linalotazamana nalo kwenye kifuniko, yaani wa 1 na wa 4 zibadilishane, wa 3 na wa 2 zibadilishane, basi. Siku nyingine badilisha mmoja mmoja.

Shikamoo fundi, mimi ni mama wa Dar, nina 504 stesheni wagoni. Kwenye foleni ya Tazara mshale wa joto unapanda mpaka naogopa, nikienda Bagamoyo barabara ikiwa wazi unashuka wenyewe. Fundi ameshatoa themostati (ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto), haikusaidia, sasa anataka kufungua silinda hedi abadilishe gasketi. Nimruhusu?

Marahaba dada, usimruhusu, angalau bado. Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikitembea inalilia upepo, na upepo wa foleni unatoka kwenye feni. Gasketi ikiungua haichagui Tazara na Bagamoyo, na ungeona maji ya rejeta yanatoa mapovu injini ikiwaka, au yanapungua kila siku bila kuvuja.

Feni ya 504 nyingi inaendeshwa na mkanda lakini ina klachi ya sumaku ya umeme, injini ikiwa baridi feni inazunguka kivivu tu, na maji yakifika joto swichi inapeleka umeme, klachi inashika, feni inavuta kweli. Umeme unafika kwa kabrashi kadogo ka kaboni kanakosugua pete nyuma ya feni, na hako ndo kanakoisha. Mwambie fundi azime injini, achukue waya kutoka chanya ya betri auguse kwenye waya wa brashi, asikie klachi inasema tak. Ikisema tak, klachi na brashi nzima, kibovu ni swichi ya joto au fyuzi au waya wa kuifikia. Isiposema, atoe brashi aitazame, mara nyingi imebaki kisiki, na pete aisafishe kwa msasa laini. Ukiwa huna spea, klachi hiyo ina boliti tatu za kurekebisha uwazi, zikikazwa feni inashikana moja kwa moja, itapiga kelele na kula mafuta kidogo lakini utafika nyumbani.

Themostati airudishe. Kuitoa hakukuongezei upepo hata chembe, unachopata ni injini inayokaa baridi asubuhi nzima na kunywa mafuta.

Na kama baada ya yote hayo mapovu yataonekana kweli na hedi lazima ifunguke, muulize kabla hajashika spana, laini za hii injini, yaani yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, atazishikiliaje? Hazijapigwa humo kwa nguvu, zimekaa tu ndani ya maji zimebanwa na hedi. Hedi ikishatoka, mtu akizungusha injini hata kidogo laini zinanyanyuka, sili za chini zinaachia, na wiki ijayo utakuta maji kwenye oili. Zinabanwa na boliti na washa pana mpaka hedi irudi. Akikujibu kwamba hiyo haina shida, tafuta fundi mwingine.